Saa ya Muscat ilivyonikosesha mteja Nungwi: njia za haraka za kufungua setingi za kompyuta

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha bidhaa. Leo naongelea setingi za kompyuta, na najua kuna mtu hapo keshaanza kusogeza kidole apite. Subiri kwanza nikwambie kilichonikuta, halafu uamue mwenyewe.

Mie nauza mikoba ya ukili, vipepeo, makawa na misala. Oda nyingi nazipata Instagram na WhatsApp, lakini wateja wa mahotelini, hasa wageni wa nje, wanapenda barua pepe. Kwa hiyo nina laptopu. Si mpya. Ni hizi zinazoingia kutoka Dubai zikiwa zimeshatumika, unainunua mjini, unaifuta vumbi, unaomba dua, kazi inaendelea.

Siku moja nikapata mgeni aliyefikia hoteli hapa hapa Nungwi. Kaiona mikoba yangu, kaipenda, anataka 14 awapelekee wenzake kwao. Mkoba mmoja shilingi 25,000, kwa hiyo hapo ni 350,000 kwa mpigo, na msimu ulikuwa umelala. Nikawaita kina mama wawili tukasuka mpaka usiku. Mgeni akanitumia miadi kwa barua pepe, ile ya kalenda, unaibonyeza mara moja inaingia yenyewe kwenye kompyuta. Nikaibonyeza. Kompyuta ikaniandikia 11:00, yaani saa tano asubuhi. Nikasema vizuri, nina muda wa kupiga pasi zile bitana.

Nikafika getini saa nne na dakika arubaini, najiona nimewahi. Mlinzi akaniangalia na ile mikoba kichwani.

"Shikamoo anti. Huyo mgeni wako kakungoja pale kwenye kiti toka saa nne. Kapanda gari ya uwanja wa ndege sasa hivi tu."

Kutoka Nungwi mpaka uwanja wa ndege ni zaidi ya kilomita 50. Hukimbizi gari ya hoteli kwa bodaboda ukiwa na mikoba 14. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikarudi nyumbani.

Sasa sikiliza nini kilitokea, maana hili wengi wenu mnalo na hamjui.

Laptopu zinazotoka Dubai huja zimewekwa saa za kule. Kwenye Windows utaona pameandikwa "(UTC+04:00) Abu Dhabi, Muscat". Kule wako mbele yetu kwa saa moja. Mie nilipoinunua niliona saa iko mbele, nikairudisha nyuma kwa mkono, saa ikasoma sawa na ya msikitini, nikaridhika. Lakini sikubadilisha eneo. Kompyuta ikabaki inaamini iko Muscat. Kila ukiangalia pale chini kulia, saa ni sahihi kabisa, huna cha kukutia shaka. Ila mtu akikutumia miadi ya kalenda ya saa 10:00 ya Zanzibar, kompyuta inajipigia hesabu yake: saa 10:00 ya Zanzibar ni saa 11:00 ya Muscat, basi mama huyu nimwandikie 11:00. Haijakosea. Mie ndiye niliyeidanganya iko wapi.

Sisi na Muscat tuna undugu wa miaka mingi, hilo halina mjadala. Lakini saa zetu si moja.

Dawa yake ni kwenda kwenye setingi za saa na tarehe, na kwenye eneo la saa uchague "(UTC+03:00) Nairobi". Usihangaike kutafuta Zanzibar wala Dar es Salaam, kwenye ile orodha hazimo. Sisi tumebebwa na jina la Nairobi. Halafu washa ile swichi ya kujiweka saa yenyewe, "Set time automatically". Basi.

Kazi ya nusu dakika. Lakini siku ile mie ilinichukua zaidi ya nusu saa kupafika hapo. Nilifungua huku nikafunga kule, nikaingia kwenye rangi za skrini, nikaingia kwenye sauti, nikabadilisha lugha ya kibodi kwa bahati mbaya, ikawa hata alama ya @ siioni ilipokwenda. Na wakati wote huo bando linakatika. Kijana wa jirani, anayetengeneza simu, akaja kuniangalia, akasema, "Anti, kwani lazima upite mlango wa mbele? Pita wa uani." Akabonyeza vitu viwili, ukurasa wa saa huu hapa.

Hiyo milango ya uani ndiyo nataka nikuonyeshe. Nimeshaijaribu yote kwenye Windows 10 na Windows 11.

Anza na ule rahisi kuliko yote, ambao hauhitaji kukariri kitu. Kwenye kibodi kuna kitufe chenye alama ya dirisha, upande wa kushoto karibu na Alt. Tukiite kitufe cha Windows. Kibonyeze mara moja, uache, halafu anza kuandika unachokitaka. Usitafute pa kubonyeza, andika tu. Andika "date", itakuletea setingi za tarehe. Andika "printer", itakuletea za printa. Andika "bluetooth", hivyo hivyo. Ikija juu ya orodha unabonyeza Enter. Watu wengi wana kompyuta miaka mitano na hawajui kwamba pale unaweza kuandika.

Wa pili: shikilia kitufe cha Windows, gusa herufi I. Setingi zinafunguka moja kwa moja, ukiwa popote, hata ukiwa katikati ya kuandika invoisi. Juu yake kuna kisanduku cha kutafutia, unaandika tena neno lako. Hii Windows na I ndiyo ninayoitumia mara nyingi zaidi, nikikwambia ukariri kitu kimoja tu leo basi ni hiki.

Kuna na Windows na A. Hii inakuletea kile kibao cha pembeni chenye vitu vya haraka: Wi-Fi, bluetooth, mwangaza wa skrini, kuhifadhi betri. Inafaa ukiwa na mteja mbele yako na unataka kuzima au kuwasha kitu kimoja tu. Na Windows na X inakuletea orodha ya mafundi; ukishaiona, gusa N unaingia kwenye setingi. Orodha hiyo hiyo inazima kompyuta: Windows na X, halafu U, halafu U tena. Mie nilikuwa na kipanya kilichokufa wiki mbili, nilikuwa nazima hivyo kila usiku.

Na usisahau kile kidole cha kulia cha kipanya. Vitu vingi vimejificha hapo. Bonyeza kulia juu ya saa pale chini, utaona njia ya kwenda kurekebisha saa na tarehe. Bonyeza kulia juu ya alama ya spika, utaona setingi za sauti. Juu ya alama ya mtandao, utaona za mtandao. Juu ya skrini tupu, za skrini. Yaani kila kitu kina mlango wake palepale kilipo. Ningelijua hili siku ile ningelibonyeza juu ya saa tu, yakaisha.

Sasa tuingie kwenye ule mlango wa kijana wa jirani, maana huu ndio unaokupeleka ndani kabisa bila kupita sebuleni.

Shikilia kitufe cha Windows, gusa R. Kitatokea kisanduku kidogo chini kushoto kimeandikwa "Run". Humo unaandika jina la ukurasa unaoutaka, unabonyeza Enter. Jina huanza na ms-settings halafu nukta mbili zilizopandana, halafu jina la ukurasa, vyote vimeshikana, hakuna nafasi hata moja. Haya ndiyo ninayoyatumia mie:

ms-settings:dateandtime – saa na tarehe
ms-settings:datausage – bando limeliwa na nani
ms-settings:network-wifi – Wi-Fi
ms-settings:printers – printa
ms-settings:bluetooth – bluetooth
ms-settings:storagesense – nafasi iliyobaki kwenye diski
ms-settings:powersleep – umeme, betri na kulala kwa kompyuta
ms-settings:startupapps – programu zinazojiwasha zenyewe
ms-settings:windowsupdate – apdeti

Ukiandika ms-settings: peke yake bila ya kitu mbele, inafungua ukurasa wa mwanzo wa setingi. Wenye kompyuta za kale, Windows 7, hizi kwenu hazifanyi kazi. Nyinyi andikeni timedate.cpl kwa ajili ya saa, au control kwa ajili ya vyote. Hizo mbili zinafanya kazi hata kwenye mpya.

Najua utaniuliza, sasa nani atakaa akikariri maneno hayo yote? Hakuna. Ndiyo maana unayatengenezea njia ya mkato kwenye skrini, mara moja tu, ukamaliza. Fanya hivi: bonyeza kulia kwenye skrini tupu, chagua "New", chagua "Shortcut". Kitatokea kisanduku kinauliza mahali. Andika ms-settings:datausage, bonyeza "Next", kipe jina la Kiswahili unalolijua wewe, mie nimekiita BANDO, bonyeza "Finish". Sasa una kialama kwenye skrini, ukikibonyeza mara mbili kinakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa bando. Hata mtoto wa skuli anayekusaidia oda anaweza.

Unataka iwe haraka zaidi? Bonyeza kulia juu ya kialama hicho, chagua "Properties", tafuta palipoandikwa "Shortcut key", bonyeza ndani yake, gusa herufi B. Itajiandika yenyewe Ctrl + Alt + B. Bonyeza OK. Tangu hapo, ukishikilia Ctrl na Alt ukagusa B, ukurasa wa bando unafunguka. Kialama kiache palepale kwenye skrini, ukikificha ndani ya folda jingine zile herufi zitaacha kufanya kazi. Mie nina viwili tu: B ya bando na S ya saa. Ukijaza kumi utasahau zote.

Kwa nini bando limepewa kialama chake? Kwa sababu hapo ndipo pesa yetu inapovujia.

Wengi wetu huku hatuna intaneti ya nyumbani. Tunawasha hotspoti ya simu, laptopu inakunywa humo. Simu inajua kwamba bando ni la kupima. Kompyuta haijui. Kompyuta inaona Wi-Fi, inadhani iko ofisini kwa mtu mwenye intaneti isiyo na mwisho, basi inaanza kushusha apdeti zake, inapandisha picha zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, inafanya usafi. Apdeti kubwa ya Windows peke yake inaweza kula GB kadhaa. Umenunua bando la wiki Jumatatu ili uweke picha za mzigo mpya, Jumanne asubuhi unapokea ujumbe kwamba limekwisha, unaanza kumtilia shaka mtoto. Mtoto hana kosa.

Ukifungua ule ukurasa wa datausage utaona kwa siku 30 zilizopita kila programu imekula kiasi gani. Uangalie leo, usingoje kesho. Halafu nenda kwenye ukurasa wa Wi-Fi, fungua sifa za mtandao uliounganishwa nao, yaani hotspoti ya simu yako, shuka mpaka palipoandikwa "Metered connection", washa. Hapo umeiambia kompyuta kwamba hapa tunapimiwa, kuwa na adabu. Apdeti nyingi zitasubiri, na hifadhi ya OneDrive itasimama mpaka uiruhusu. Zile za dharura sana zinaweza kupenya, lakini si mzigo ule.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, setingi hii inawekwa kwa kila mtandao peke yake. Ukibadilisha simu, au ukabadilisha jina la hotspoti, kwa kompyuta huo ni mtandao mpya na inarudia ulafi wake. Uiwashe tena. La pili, usije ukaacha apdeti milele kwa kuogopa bando. Apdeti ndizo zinazoziba mashimo wanamopita wezi. Mie siku ya kwenda mjini nachukua laptopu, nakaa mahali penye Wi-Fi ya kuaminika isiyopimwa, naandika ms-settings:windowsupdate, naiacha ishushe huku nikinywa chai. Na kama bado uko Windows 10, ujue Microsoft ilimaliza kuitolea apdeti za usalama za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wamepata mwaka mmoja zaidi. Angalia kama laptopu yako inakubali Windows 11 kabla ya kununua nyingine.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri, maana nimekufundisha kufungua kile kisanduku cha Windows na R na sitaki kiwe ndicho kitakachokuumiza.

Kuna utapeli unaotembea sasa hivi. Unafungua tovuti, inakwambia thibitisha kwamba wewe si roboti. Badala ya kukuonyesha picha za taa za barabarani kama ilivyo kawaida, inakwambia: bonyeza Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukishafanya hivyo umekwisha. Ile tovuti ilishaweka amri yake kwenye kumbukumbu ya kunakili bila wewe kujua. Ctrl na V ikaibandika ndani ya kisanduku, Enter ikaitekeleza. Hapo unakuwa umemfungulia mwizi mlango kwa mkono wako, anachukua nywila zako zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, ukurasa wako wa Instagram uliouhangaikia miaka minne unakuwa wa mtu mwingine anauza vitu vya uongo kwa jina lako.

Hakuna tovuti ya kweli inayothibitisha ubinadamu wako kwa kile kisanduku. Hakuna. Wala benki, wala kampuni ya simu, wala mtu wa hoteli anayedai anataka kukulipa. Kwenye kile kisanduku uandike kwa vidole vyako mwenyewe, na maneno unayoyajua. Haya ya ms-settings yanafungua ukurasa tu, hayabadilishi kitu mpaka wewe mwenyewe ubonyeze. Ukiona mtu kakutumia mstari mrefu wenye maneno ya powershell au mshta au anwani ya tovuti ndani yake, achana nao, hata kama aliyekutumia ni mwenzetu wa kundi. Anaweza kuwa kaibiwa yeye kwanza.

Turudi kwenye saa, maana kuna ugonjwa wake mwingine ambao nauona sana kwenye laptopu hizi zetu za zamani. Umeme umekatika, betri imekwisha, kompyuta ikazimika kabisa. Ukija kuiwasha, tovuti hazifunguki. Wi-Fi ipo, bando lipo, WhatsApp ya simu inapiga kelele, lakini kompyuta inasema muunganisho si salama, au kwamba saa yako iko nyuma. Watu wanakimbilia kumpigia simu mtu wa mtandao. Angalia tarehe kwanza. Utakuta iko mwaka 2015, au hata nyuma zaidi.

Sababu yake ni kwamba kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kivinjari kinalinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Kompyuta ikisema leo ni mwaka 2015, cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana ni cha mtu anayetoka siku zijazo, basi kivinjari kinakataa. Ukiweka saa sawa, kila kitu kinarudi. Ikiwa kila umeme ukikatika tarehe inapotea tena, basi kuna betri ndogo ndani ya kompyuta, ya duara kama shilingi, inayoiwekea saa hata ikiwa imezimwa. Hiyo imekufa. Nyingi ni aina ya CR2032, ile ile ya baadhi ya rimoti za gari, na si ghali. Fundi anaibadilisha ukiwa umesimama. Usikubali kuambiwa ubao mzima umeungua kabla hajajaribu hiyo.

Na kwa kuwa nimetaja umeme: sisi wa Unguja hatuna haja ya kufundishwa umuhimu wa betri. Waliokuwepo wanaikumbuka Disemba 2009, kisiwa kilipokaa gizani miezi mitatu hivi mpaka Machi 2010. Kama unataka kujua betri ya laptopu yako imebakisha nguvu kiasi gani, au hasa kama unataka kununua laptopu iliyotumika na muuzaji anaapa betri ni nzima, fanya hivi mbele yake. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye lile dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakwambia imeweka ripoti wapi. Ifungue, utaona namba mbili: "Design capacity", yaani nguvu iliyozaliwa nayo, na "Full charge capacity", yaani nguvu inayoweza kujaza sasa. Ikiwa ya pili ni nusu ya ya kwanza, basi bei nayo iongeleke. Mie niliokoa pesa ya maana kwa mstari huo mmoja, na muuzaji hata hakukasirika, kaniuliza tu nimejifunzia wapi.

Printa nitapita haraka. Ikiwa una printa mbili, ya risiti na ya karatasi kubwa, na kila mara invoisi inatokea kwenye ile ya risiti imebanwa kama uzi, nenda ms-settings:printers, tafuta palipoandikwa "Let Windows manage my default printer", uizime. Halafu chagua mwenyewe ipi ndiyo kuu. Ikiwashwa, Windows hufuata printa uliyoitumia mwisho.

Kuna siku lakini setingi hazihusiki kabisa, na ni vizuri uijue. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mnaikumbuka? Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi nyingine za ukanda huu. Siku ile nilipigiwa simu na watu wanne, kila mmoja kashabadilisha setingi za Wi-Fi, kafuta mitandao yote, mmoja kairudisha kompyuta kama ilivyotoka kiwandani na orodha yake ya wateja ikaondoka nayo. Tatizo lilikuwa chini ya bahari. Mtandao ulipotengemaa, wao bado walikuwa wanahangaika kurudisha walivyovivuruga. Kabla hujagusa chochote, muulize jirani kama yeye anapata. Kama naye hapati, na mwenye laini ya kampuni nyingine naye analalamika, weka laptopu chini, kasuke mkoba.

Mwisho, nyie mnaouza kwa simu tupu bila ya kompyuta, na najua ni wengi. Android nayo ina mlango wa uani. Shusha kile kibao cha juu kwa vidole viwili kwa pamoja, utaona vialama vyote vya haraka: Wi-Fi, bluetooth, hotspoti, tochi. Ukikigusa kialama kinawaka au kinazimika. Lakini ukikigandamiza kwa muda bila kuachia, kwenye simu nyingi kinakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wake wa setingi. Gandamiza cha hotspoti, uangalie jina na nywila yako. Kama nywila bado ni 12345678, jirani yako anaangalia mpira kwa bando lako, ibadilishe kabla hujafunga simu. Na ukishabadilisha jina, kumbuka ile Metered kwenye laptopu.